Alizeti mwitu: mbolea ya mpakani na hesabu yake

Ukitoka Kisumu kwenda Busia wakati mvua za masika zinakatika, kati ya Maseno na Yala kingo za barabara huwa manjano. Mgeni hudhani ni alizeti iliyotoroka shambani. Lakini alizeti ya mafuta huishi msimu mmoja, ikavunwa ikafa. Hiki ni kichaka kinachodumu miaka. Kimo chake ni mita mbili au tatu, na kikiachwa bila kukatwa hukaribia mita tano. Majani yake ni mapana, mengi yamechanika ncha tatu au tano, na ukiyasugua kiganjani harufu yake kali hubaki vidoleni hata baada ya kunawa. Waluo hukiita maua makech, yaani maua machungu. Waluhya husema amalulu, wakitaja uchungu uleule. Kwa Kiswahili kimezoeleka kama alizeti mwitu au alizeti pori, na afisa ugani akija atakiita tithonia, akifupisha jina lake la kisayansi, Tithonia diversifolia.

Uliza kama ni mmea mzuri, utapata majibu mawili yanayogongana. Mmoja atakwambia ni mbolea ya bure, inaota mpakani, kata uzike shambani usahau habari ya duka. Mwingine atakwambia ni gugu vamizi, ling'oe kabla halijameza malisho. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo mkulima anapoachwa njia panda. Wapo walioshika lile la mbolea bila kupewa hesabu yake, wakakata na kubeba msimu mzima, mwisho wakaacha na migongo inauma.

Ninavyoona mimi, mmea huu una kazi kubwa katika shamba dogo, ila si kazi ile unayosifiwa nayo. Alizeti mwitu haitengenezi rutuba. Ni mchukuzi: inaitoa rutuba sehemu moja na kuipeleka nyingine. Ukishalielewa hilo, maswali mengine yote, upande wapi, ukate lini, ulishe zao gani, yanapata majibu bila shida.

Tuanze na ua lenyewe, maana nalo si lile tunalodhani. Kile tunachokiita ua moja la alizeti mwitu ni maua mengi yaliyokaa kwenye kiti kimoja. Vile vipande virefu vya manjano vinavyozunguka pembeni, kila kimoja ni ua kamili ambalo halizai. Kazi yake ni kuita wadudu. Katikati vimebanana vimaua vidogo kama vibomba, na kila kimoja kati ya hivyo kina mbegu yake chini. Ndugu zake wote nao hubeba maua mengi kwenye kiti kimoja: alizeti ya mafuta, pareto ya Nyandarua na Iringa, saladi tunayokula, hata kile kishona nguo kinachonasa suruali ukikatiza shamba lisilopaliliwa. Kwa hiyo kichwa kimoja kikikauka hakimwagi mbegu moja, humwaga rundo. Tutalirudia hili mbele.

Watu huichanganya na mimea mingine mitatu. Wa kwanza ni alizeti ya kawaida, ambayo husimama kwa shina moja lenye kichwa kikubwa, wakati alizeti mwitu hutoa matawi mengi yenye vichwa vya kadiri ya kiganja. Wa pili ni dada yake wa bustanini, Tithonia rotundifolia, mwenye maua ya rangi ya chungwa iliyoiva, naye hufa baada ya msimu. Wa tatu ni kile kimmea cha manjano kinachotambaa, ambacho mijini hupandwa kufunika udongo kwenye kingo za barabara na nyua za hoteli. Hicho hakisimami kamwe. Ukitaka uhakika, angalia majani ya kichaka kimoja: mengine yamechanika, mengine mazima. Jina diversifolia maana yake ndiyo hiyo, majani yasiyofanana.

Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Uzuri ndio uliouvusha bahari: ulisafirishwa kama ua la kupamba, ukapandwa kwenye nyua, kisha watu wakauona unafaa kuwa uzio. Unaota upesi, haulali njaa kwenye udongo mbovu, na mbuzi hawaupendi sana siku za kwanza kwa sababu ya ule uchungu. Hivyo ukawa mmea wa mpaka. Mababu waliupanda wapate kujua shamba la fulani linaishia wapi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeutazama zaidi ya hapo.

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Pale Maseno, watafiti wa ICRAF, kituo cha kilimo mseto chenye makao yake Nairobi, walikuwa wakishirikiana na taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo na misitu, KARI na KEFRI, kutafuta majani ya kurutubishia mashamba ya Vihiga na Siaya. Eneo lile lina watu wengi na mashamba madogo, na udongo wake umelimwa bila kupumzishwa. Kubwa zaidi, udongo mwingi wa huko una upungufu wa fosforasi. Udongo mwekundu una chuma na alumini nyingi, na hivyo viwili huikamata fosforasi na kuifungia mahali ambapo mzizi wa muhindi hauwezi kuifikia. Unaweza kuwa na samadi na mvua za kutosha, na bado muhindi ukabaki mfupi wenye majani ya zambarau.

Watafiti walipopima majani ya vichaka vya mpakani wakakuta jambo lisilotarajiwa. Majani mabichi ya alizeti mwitu yakikaushwa, kila kilo 100 zina takriban kilo 3.5 za naitrojeni, kilo 0.37 za fosforasi na kilo 4.1 za potasiamu. Kiasi hicho cha naitrojeni kinalingana na cha miti ya jamii ya kunde, kama kaliandra na sesbania, ambayo ndiyo ilikuwa ikisifiwa. Fosforasi ilikuwa juu kuliko kawaida ya majani ya vichaka. Na tithonia si jamii ya kunde. Haina vinundu mizizini, haivuti naitrojeni kutoka hewani. Kila ilicho nacho imekichota ardhini, kwa mizizi mingi inayoshirikiana na kuvu wa udongo ambao huisaidia kufikia fosforasi ambayo mazao mengine huiacha.

Sifa ya pili ni kuoza upesi. Jani la mwembe au la mkaratusi hukaa chini miezi. Jani laini la alizeti mwitu likifukiwa kwenye udongo wenye unyevu, nusu yake huwa imeshamalizika kwa muda wa wiki moja hivi. Chakula kinafika mzizini wakati mche unakihitaji.

Hapo ndipo sifa zilipoanza kusambaa, na hapo ndipo hesabu ilipoachwa. Nitaifanya kwa ekari, kwa kuwa ndicho kipimo tunachokijua.

Kiwango kilichokuwa kikitumika sana kwenye majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta, sawa na tani 2 hivi kwa ekari. Majani mabichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 80, kwa hiyo tani 2 kavu ni tani 10 mbichi. Tani kumi za kukatwa kwa panga, kufungwa mizigo, kubebwa kichwani, kukatwakatwa na kufukiwa. Ukizimaliza, utakuwa umeipa ekari yako kama kilo 70 za naitrojeni, kilo 82 za potasiamu na kilo 7.4 za fosforasi.

Linganisha na dukani. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 10 za fosforasi halisi. Yaani tani kumi za mizigo mibichi zinaleta fosforasi pungufu kuliko mfuko mmoja ambao mtu anaubeba kwa pikipiki. Kwa upande wa naitrojeni mambo yanageuka: kilo 70 ni sawa na mifuko mitatu ya urea. Na potasiamu, ambayo wakulima wetu wengi hawainunui kabisa, ni zawadi kubwa. Kwa hiyo si kweli kwamba majani haya hayana kitu, na si kweli pia kwamba yanamaliza tatizo la fosforasi. Shamba lenye njaa ya fosforasi linahitaji kuletewa fosforasi kutoka nje. Ndiyo sababu watafiti, magharibi mwa Kenya na pia Morogoro, wamejaribu kuchanganya majani haya na unga wa mawe ya fosfeti wa Minjingu, unaochimbwa karibu na Ziwa Manyara. Unga huo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na majani yanayooza hupunguza ule ukali wa udongo wa kuifungia fosforasi. Kwa maoni yangu hiyo ni ndoa yenye akili: kila mmoja analeta ambacho mwenzake hana.

Sasa hesabu ya pili, ambayo ndiyo nzito. Majani hayo yatatoka wapi? Uzio wa alizeti mwitu kwenye udongo wa wastani kule magharibi mwa Kenya hutoa karibu kilo moja ya majani makavu kwa kila mita ya uzio kwa mwaka. Ekari moja ya mraba ina mzingo wa mita 254. Hata ukiizungushia alizeti mwitu pande zote nne, utavuna kilo 250 hivi kwa mwaka, wakati ekari inadai 2,000. Ni sehemu moja kati ya nane. Zile saba utazikata kwenye uzio wa nani?

Na tukumbuke huyu ni mchukuzi. Kila kilo ya potasiamu iliyofika kwenye tuta lako imetoka chini ya uzio. Ukikata mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu, uzio wenyewe utadhoofika, na mazao ya mistari miwili iliyo karibu nao yatadumaa, kwani mizizi yake haiheshimu mpaka uliouchora. Kupanda alizeti mwitu katikati ya shamba ili urutubishe shamba hilohilo ni kutoa pesa mfuko wa kushoto na kuziweka wa kulia, kisha ukajilipia nauli.

Lakini punguza eneo, uone hesabu inavyolainika. Tuta la sukuma wiki la mita 1 kwa mita 10, kwa kiwango kilekile, linahitaji kilo 5 za majani makavu, yaani kilo 25 mbichi. Hiyo ni mizigo miwili ya kichwani. Mita tano za uzio zinakulisha tuta hilo mwaka mzima. Mwenye mita 50 za uzio nyuma ya boma ana matuta kumi. Sukuma wiki, nyanya, kabichi, mchicha na mnavu ni mazao yanayolipa vizuri kwa eneo dogo, nayo hupenda sana naitrojeni na potasiamu. Watafiti nao walipoingiza gharama ya vibarua waliona hivyohivyo: kwenye mahindi kazi mara nyingi hailipi, kwenye mboga inalipa. Nimewaona watu wakiitupa mbinu nzima kwa sababu waliijaribu kwenye zao lisilofaa, na inaniuma, maana bustani ya jikoni ilikuwa hatua kumi tu kutoka kwenye uzio.

Jinsi ya kuupanda si kazi ngumu, na njia bora ni vipandikizi. Chagua shina lililokomaa, si lile laini la kijani wala lile lililozeeka likawa na uwazi mkubwa ndani. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 40, kila kimoja kiwe na vifundo kadhaa. Vichomeke siku hiyohiyo, mvua ikiwa imeanza, vifundo viwili au vitatu viwe chini ya udongo. Ukivisimamisha wima au ukavilaza mshazari vitashika. Ukivifukia vyote kwa ulalo, vingi havitatoka vizuri. Nafasi ya nusu mita kati ya kimoja na kingine inatosha kwa uzio.

Mbegu nazo huota, ila zinataka subira. Zilizovunwa karibuni huwa na usingizi wa miezi kadhaa. Kosa la kawaida ni kuzifukia sana au kuzifunika kwa udongo wa mfinyanzi, hapo hazitoki. Zimwage juu, zifunike kwa mchanga mwembamba na nyasi kidogo, nyunyizia maji. Kama una haraka, chimbua miche iliyojiotea chini ya vichaka vya zamani uihamishe.

Mahali pa kupanda pafikirie kama mtu anayetafuta rutuba iliyopotea. Pembezoni mwa zizi ambako mkojo wa ng'ombe hutiririkia. Chini ya mteremko, maji ya mvua yanapotua na udongo wa wengine. Karibu na shimo la taka. Kingo za mitaro na za barabara ambako hakuna anayelima. Hapo mchukuzi wako anaokota kilichokuwa kinapotea, na kukileta kwenye tuta ni faida tupu. Jua la kutosha ni lazima, kivulini hurefuka bila majani. Baridi ya barafu inamuunguza, kwa hiyo nyanda za juu sana hazimfai.

Mwaka wa kwanza mwache ajijenge. Baada ya hapo kata ukiacha shina la nusu mita hadi mita moja kutoka chini, kisha rudi kila baada ya miezi miwili au mitatu kulingana na mvua. Kata kabla hajatoa maua. Sababu ni mbili, zote nzito: mmea unapochanua huhamisha chakula kutoka majanini kwenda kwenye ua na mbegu, na ukikata mapema mbegu hazipati nafasi ya kuruka.

Tumia majani na ncha laini tu. Hapa ndipo wengi huharibu. Shina gumu lina naitrojeni kidogo sana, na ukilifukia, vijidudu vinavyoliozesha vinakopa naitrojeni ya udongo na kuuacha mche wako na njano. Mashina yaanike, yatafaa kuni. Ukitaka kuyatumia kama miti ya kushikilia maharagwe, yakaushe kabisa kwanza, la sivyo baada ya wiki tatu utakuwa na uzio mpya katikati ya maharagwe.

Katakata majani vipande vya kiganja, tandaza, fukia kwa jembe kina cha sentimita 10 hadi 15, na ufanye hivyo yakiwa bado mabichi. Yakiachwa juu yakauke, naitrojeni nyingine hupotea hewani. Kisha subiri wiki moja hadi mbili kabla ya kusia mbegu, kwa kuwa majani haya yana kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuota mpaka zioze. Miche ya kuhamishwa huvumilia zaidi, lakini hata hiyo usiiharakishe.

Njia nyingine ni mbolea ya maji. Jaza pipa majani yaliyokatwakatwa hadi nusu, ongeza maji, funika, koroga kila siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili hivi harufu itakuambia kazi imekwisha. Chuja, ongeza maji mpaka rangi ifanane na chai ya rangi nyepesi, mwagia chini ya shina na si juu ya majani ya mboga unayokwenda kuchuma kesho. Wengine hupulizia maji hayo kufukuza wadudu, na kweli mmea una viambata vinavyowaudhi wadudu, ila kama dawa ya wadudu matokeo yake hayatabiriki kama yalivyo kwenye mbolea.

Kwenye malisho, mbuzi na ng'ombe huzoea. Kolombia wanauita botón de oro, kitufe cha dhahabu, na wafugaji wanaupanda makusudi kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Ukijaribu, changanya kidogo kidogo na majani ya Napier.

Kwa binadamu, nisikilizwe vizuri. Sehemu nyingi za Afrika watu huchemsha majani haya kwa ajili ya malaria, na ni kweli kwamba maabara zimepata ndani yake kiambata kiitwacho tagitinini C kinachoua vimelea kwenye chupa. Lakini majaribio kwa panya yameonyesha pia madhara kwenye figo na ini. Kuua kimelea ndani ya chupa na kumponya mtoto mwenye homa ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Mtoto akichemka mwili, mpeleke akapimwe na apewe dawa mseto. Majani yabaki shambani.

Limebaki lile jibu la pili, la gugu. Afrika Kusini sheria inaiorodhesha alizeti mwitu kati ya mimea vamizi, na kuipanda huko ni kosa. Nigeria imeenea kandokando ya barabara na kuingia mashambani. Kumbuka yale maua mengi ndani ya ua moja: mbegu zake husafiri kwa maji, kwa matope ya viatu na magurudumu, na kipande cha shina kilichotupwa mtaroni hushika chenyewe. Ikiingia kwenye malisho au ukingo wa msitu husonga nyasi na miche ya asili kwa kivuli chake. Huko Mae Hong Son, Thailand, mlima mzima hugeuka manjano kila Novemba na watalii humiminika kuutazama. Ni mandhari ya kupendeza, na ni picha halisi ya mmea mgeni uliokwisha kushinda.

Kwa hiyo ushauri wangu hauwezi kuwa mmoja kwa kila mtu. Kama unaishi Vihiga, Siaya au kwingine ambako tayari imejaa mipakani, kuikata na kuitumia ni kuidhibiti. Kadiri unavyovuna kabla ya maua ndivyo inavyozidi kutulia. Kama unaishi ambako haipo, hasa karibu na hifadhi, kingo za mto au mbuga ya malisho, usiilete. Wasambaa wa Lushoto wana tughutu, kichaka chao cha asili cha ukoo huuhuu, ambacho nacho hurutubisha mashamba. Uliza wazee wa kwenu kwanza kabla ya kuagiza vipandikizi kutoka mbali.

Kwangu mimi uzio uko upande wa nyuma, kati ya zizi na mtaro, mita thelathini hivi. Nyuki wanaupenda, na kwa ajili yao huacha mashina matatu yachanue mpaka mwisho. Siku ile vile vipande vya manjano vinapoanza kunyauka na kudondoka, kabla katikati hapajawa kahawia, naenda na panga na kuvikata vichwa vyote, navitia kwenye ndoo, na vinaingia kwenye pipa.